Jembe ya Punda, Sokoni Nyaramba

Mtu akiwauliza nyanya yenu alisomea wapi, msidanganye. Semeni alifika darasa la pili, mwalimu akamwambia anaongea sana, akatoka akaenda soko, na huko soko wakampenda kwa sababu hiyo hiyo ya kuongea sana. Mimi nimeuza jembe maisha yangu yote. Nyaramba ndiyo nyumbani kwa biashara yangu, lakini Marani nimeuza, Masimba nimeuza, mpaka mgongo ukasema mama, sasa wachia wengine hiyo jua.

Hata Kiswahili yangu nilitoa huko. Nyumbani tunaongea Ekegusii, lakini mnunuzi akitoka upande wa ziwa utamwambia nini? Basi Kiswahili ikaingia kwangu na mlango ya biashara, hata viatu haikuvua. Nyinyi wajukuu mliozaliwa Nairobi, mkisikia nimesema "jembe ya", mmeze tu. Hakuna jembe imewahi kukataa kulima kwa sababu ya hiyo.

Mkija likizo nasikia mkibishana. Ati hii simu ni original, ati hii viatu ni feki, ati hii mafuta ya nywele imetoka kiwanda ama imetoka nyuma ya nyumba ya mtu. Mnaongea kama feki ilizaliwa pamoja na nyinyi! Mimi nimeona chupa ya chai, mpya kabisa, imechorwa maua mekundu, unaweka chai ikiwa moto, ukirudi kutoka shamba imekuwa maji ya kisima. Mwenye kuiuza alikuwa jirani yangu wa meza. Mama aliyenunua akairudisha akipiga kelele, na huyo jirani hakushtuka hata kidogo. Akasema, "Mama, ulielewa vibaya. Hii ni ya kuweka soda." Na mama akaenda nayo! Nimeona gumboti, mguu wa kushoto na mguu wa kushoto, zimefungwa pamoja, na mtu akanunua, akasema ni ya bwana yake na bwana yake ni mlevi, hatajua.

Na majani ya chai ya feki je? Hapa Nyamira! Mtu anaamka asubuhi, anachuna chai mpaka vidole vinakuwa nyeusi, anapeleka majani kituoni ipimwe, halafu akirudi anapitia duka ananunua pakiti ya vumbi ya mbao iliyopakwa rangi. Sisi watu wa hii milima tuna akili sana. Ni vile hatuitumii kila siku.

Lakini nilitaka kuwaambia juu ya jembe.

Aliyenifundisha hii kazi ni mama mzee wa Marani, tulimwita Omong'ina Kemunto. Omong'ina ni vile tunaita mama mzee kwa heshima. Huyo alikuwa anauza jembe kama mtu anaoza binti yake. Haumpatii pesa tu uchukue uende. Anakuuliza shamba yako iko wapi, iko na mawe ama ni udongo laini, na nani atalima. Mwanaume akija peke yake kununua jembe, Kemunto anamrudisha: "Nenda ulete mwenye kulima." Wengine walikasirika. Wengi walirudi na bibi zao.

Alinifundisha kuangalia tundu, pale mpini unaingia, kama chuma imeungana vizuri ama imeshikana kwa huruma. Alinifundisha mpini mzuri ni wa mti ya mpera, na ukishaupigilia unalaza jembe kwa maji, mti ufure, ushike. Na alinifundisha jiwe. Unaning'iniza jembe kwa kidole, kwa hilo tundu lake, unaigonga na jiwe ndogo, unasikiza. Ikiimba, iko sawa. Ikikoroma kama mzee ana kifua, iko na ufa.

"Jiwe inakuonyesha ufa," Kemunto aliniambia. Hakusema inakuonyesha kitu ingine. Hiyo ingine mimi mwenyewe nilijiongezea. Nilipofika Nyaramba nikaanza kusema kwa sauti, "Jembe haiangaliwi, jembe inasikizwa!" Watu wakaipenda hiyo maneno. Baada ya muda mfupi kila mama aliyekuja meza yangu alikuwa na jiwe yake kwa mfuko. Siku ya soko ukisimama mbali ungefikiri kuna kanisa nne zinapiga kengele pamoja na hakuna mchungaji.

Sasa, wakati huo jembe nzuri ilikuwa ya Pundamilia. Kampuni ilikuwa imegonga picha ya huyo mnyama kwa chuma yenyewe, hapo karibu na tundu, halafu ikampaka mistari nyeupe na rangi. Ilikuwa jembe nzito, ngumu, haina maneno mingi, hata ukiigonga inaimba chini chini tu.

Halafu kukaja mtu na pikapu pale Masimba. Alikuwa na jembe za Pundamilia, bei ya kirafiki. Nikaangalia mnyama. Alikuwa hapo, masikio yake, mkia yake, lakini mistari hakuna. Aliyetengeneza aliona hiyo ya kupaka rangi ni kazi bure. Nikamuuliza mwenye pikapu, "Kijana yangu, huyu pundamilia wako ameoga?" Akasema, "Mama, piga na jiwe." Nikapiga.

Wajukuu, iliimba! Ngeeeeeng! Iliimba mpaka mbwa akaamka. Nikachukua.

Nilipofika nazo Nyaramba niliogopa kidogo watu watauliza mistari. Walivyoona huyo mnyama walifurahi. "Ai, sasa hawa wametengeneza jembe ya Punda!" Na hapo wakaanza kuieleza wenyewe, mimi hata sikufungua mdomo. Aliyeeleza kushinda wote ni Moraa.

Moraa lazima niwaambie ni nani. Alikuwa kiongozi wa egesangio yetu. Egesangio ni wanawake wa mlima moja wanalimiana kwa zamu, leo kwangu, siku ingine kwako, hakuna kulipana. Mimi babu yenu alikufa mapema, na shamba yangu mnaijua, iko kwa mteremko, huko juu ni mawe. Mtu peke yake haiwezi. Mvua ingenikuta katikati, na mahindi ya mwaka wote ningeenda kuomba kwa watu na sahani mkononi. Egesangio ndiyo ilikuwa bwana yangu. Na tena hao hao ndio walikuwa wanunuzi wangu. Wakisema jembe ya Mama Nyaboke, yaani yangu, ni nzuri, soko yote inasema ni nzuri.

Moraa alikuwa mrefu, sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na hajawahi kukosea. Ukimwambia amekosea, anakosea tena ndio uone vile hajakosea. Akainua hiyo jembe juu, akauliza watu, "Nani hapa ameona pundamilia akibeba maji?"

"Hakuna!"

"Pundamilia ni mnyama wa kuangaliwa na wazungu. Anakula nyasi ya serikali, anapigwa picha. Nani anapanda hii mlima na debe mbili?"

"Punda!"

"Basi mimi nitalima na mfanyakazi mwenzangu."

Hiyo siku niliuza mpaka nikabaki na meza. Ng'ambo ya njia kulikuwa na Mama Akinyi, mama wa upande wa ziwa, yeye pia anauza vyombo na jembe. Alikuwa amejaza Pundamilia, zile za mistari. Hakuna mtu aliziangalia tena. Alizitumia kushikilia turubai isipeperushwe na upepo, jembe mpya kila kona, kama walinzi. Nikipita ananiambia, "Mama Nyaboke, salimia punda." Na mimi namwambia, "Salimia watalii." Tulikuwa tunapendana vile watu wa soko wanapendana.

Kampuni ya Pundamilia ikasikia. Wakatuma lori na spika kubwa, na kijana mmoja kofia njano, shati njano, mpaka nikaangalia kama soksi pia ni njano. Alikuwa kijana na adabu. Akashika kipaza sauti: "Wananchi wa Nyaramba, ogopeni feki! Jembe original iko na mistari!"

Moraa akamwita kutoka kwa watu: "Kijana! Mistari inalima?"

"Mama, mistari ni alama ya—"

"Mimi nauliza tu kama inalima."

"Hapana mama, mistari yenyewe hailimi."

"Basi. Endelea."

Watu wakacheka mpaka akacheka pia. Halafu wakasema zipigwe na jiwe, zote mbili, hapo hapo. Akakubali, maskini, kwa sababu alikuwa anajiamini. Moraa akapiga ya kampuni. Dum. Akapiga ya Punda. Ngeeeeeng! Soko ikapasuka kwa kelele. Huyo kijana alikuwa anasema kitu, mimi nilikuwa karibu nikamsikia: "Inalia hivyo kwa sababu ni nyembamba! Sufuria pia inalia!" Ilikuwa maneno ya kweli kabisa. Lakini wenzake kwa lori walikuwa wamefungulia muziki, na hakuna aliyemsikia. Akagawa kofia. Watu wakavaa kofia za Pundamilia, wakavuka njia, wakanunua Punda kwangu.

Sasa mngoje muone vile Mungu anapanga mambo.

Mvua ilikuwa inakaribia, na egesangio ilikuwa kwa shamba ya Moraa. Zamu ya mwisho ilikuwa yangu. Tulikuwa wote na jembe mpya za Punda, tunaimba, tunapanda na mstari kutoka chini. Pale chini udongo ni laini, tulienda kama moto. Tukafika juu kwa mawe. Moraa akainua jembe, akashusha, ikarudi juu ikiwa imejikunja kama jani la ndizi ukilipitisha kwa moto. Akaigeuza. Wimbo ikakatika. Huku ingine ikakunja. Na ingine. Ukiangalia huo mstari wetu, kila mama ameshika mti na sikio la chuma.

"Mama Nyaboke," Moraa akaniita.

"Naam, mama."

"Hii uliniuzia ni jembe ama ni kijiko?"

Nikaichukua, nikajaribu kuinyoosha na goti. 

"Umetuletea Punda ya feki," akasema.

Nikajaribu kueleza. "Lakini mama, Punda yenyewe ndiyo feki. Ile ya kweli ni ya mistari."

"Yaaya!" Hiyo ni hapana, lakini hapana ya Moraa iko na fimbo ndani. "Punda ni jembe mzuri, mimi nilisema mbele ya watu. Wewe umetafuta ya bei rahisi, ya kuiga. Sasa sikia. Kwako hatuji. Siku utaleta Punda original, ipite hii mawe yangu, siku hiyo tutakuja kwako. Bila hiyo ulime peke yako na hizo vijiko."

Wengine wakaangalia chini. Hakuna mtu anabishana na Moraa akiwa na matope kwa miguu.

Nilirudi nyumbani nikaangalia shamba yangu, nikaangalia mawingu huko upande wa ziwa, yanapanda kama ugali ikichemka. Kumbukeni nilikuwa nimeambiwa nilete nini: feki ya kweli. Hiyo kitu inauzwa duka gani?

Nikaenda Masimba kwa mwenye pikapu, kwa sababu mtu akikosa njia anarudi alikopotelea. Nikamwonyesha jembe. Akasikitika sana! Akatingisha kichwa kama mtu amefiwa. "Mama," akasema, "hii si yetu. Siku hizi kuna watu wabaya, wanatengeneza Punda ya feki, wanatuharibia jina." Nilimwangalia usoni nione kama anacheka. Hakuwa anacheka. Alikuwa anaamini.

Hakukuwa na njia ingine. Nikavuka ile njia ya Nyaramba, nikaenda kwa Mama Akinyi.

"Mama Akinyi, habari ya biashara. Nimekuja kwa jembe."

"Punda mimi sina. Mimi nafuga pundamilia."

"Hao hao ndio nataka."

"Yawa! Leo jua imetokea upande gani?" Akakaa chini ndio acheke vizuri. Alipomaliza nikamwambia yote, mawe, vijiko, Moraa, mvua. Mama Akinyi pia ni mkulima, hakucheka tena. Akasema, "Nitakupa, utanilipa ukipata. Lakini kuna kitu nataka juu. Siku moja utasimama hapa katikati ya soko, useme na hiyo mdomo yako: jembe ya Akinyi ndiyo jembe."

"Nitasema."

"Lini?"

"Wakishanilimia."

"Sawa. Nitangoja. Mimi nimezoea kungoja, uliza hizi jembe." Akaanza kuzitoa kwa kona za turubai, na turubai ikampiga kichwani.

Nilianza na ukweli, msifikiri nilikimbilia ujanja. Nilichukua moja vile ilikuwa, na mistari yake, nikaipeleka kwa Moraa. Alikuwa anapepeta wimbi. Hata hakusimama. Akatoa jiwe kwa mfuko ya nguo. Dum.

"Imekufa hii," akasema. "Unataka nilime na maiti? Na tena imevaa mistari kama mfungwa. Ondoa kwa boma yangu."

Nikaondoa. Nikarudi nayo mabegani, nikifikiria. Ile jiwe nilimfundisha mimi. Ile ya kusikiza, mimi. Sasa jembe mzuri iko mkononi na masikio yote ya Nyaramba inasema imekufa. Nikajiuliza, jembe inanyamaza lini? Na nikajibu mwenyewe: ikiwa na mpini! Jembe ikishapigiliwa mpini haiimbi tena, mti inameza sauti. Hata ungetengeneza ya dhahabu, iko na mpini inasema dum kama zingine.

Nikakata miti ya mpera, nikachonga, nikapigilia jembe zote, nikalaza kwa maji. Sauti ilikuwa imekwisha. Ikabaki mistari. Nikachukua jivu na mchanga, nikakaa nyuma ya jikoni, nikaanza kusugua vile mnasugua sufuria imeungua. Rangi ya kampuni ilikuwa nzuri, ilikataa kutoka, nikaisifu huku nikiitukana. Mstari wa kwanza ukatoka, wa pili ukatoka, na polepole nikaona punda ananiangalia kutoka ndani ya pundamilia.

Mnaelewa nyanya yenu alikuwa anafanya nini? Duniani kote watu wanachukua feki wanaipaka rangi ifanane na original. Mimi nilikuwa nimekaa kwa kigoda, natoka jasho, nachukua original naisugua ifanane na feki. Sijui kama kuna mwingine. Akiwako, nipelekeni nimsalimie.

Nikazipeleka kwa Moraa, egesangio yote ikaja kuona. Kitu ya kwanza, Moraa akatoa jiwe.

"Kwa nini hizi ziko na mpini?"

"Ni faini yangu, mama. Mwenye makosa anatoa kitu juu."

Hiyo ilimpendeza. Akagonga hata hivyo. Dum.

"Haiimbi."

"Gonga yako ya zamani ikiwa na mpini, uone kama itaimba."

Wote wakagonga za zamani. Dum, dum, dum. Wakakubali. Moraa akageuza jembe, akaleta mnyama karibu na macho. Alimwangalia huyo punda kama mtu anaangalia mkwe. Mimi nikaangalia mawingu. Nilisikia moyo yangu ikigonga, na hiyo iliimba vizuri sana.

 Moraa akapanda juu kwa mawe, akainua, akashusha. Cheche ikaruka. Jiwe ikapasuka, jembe ikarudi juu vile ilienda. Akashusha tena, na tena, akalima pale mahali hapajawahi kulimwa.

"Sasa hii!" wamama wakapiga kelele. "Hii ndiyo Punda original!"

Walikuja kwangu kabla ya mvua. Tulipanda mpaka juu kabisa, na tone ya kwanza ilinikuta nafunika mbegu ya mwisho. Hayo mahindi ndiyo mama yenu alikula akaenda shule.

Mngefikiri ningeacha hapo. Lakini soko ikaanza kuitisha: tunataka Punda ya Mama Nyaboke, ile iko na mpini! Basi Mama Akinyi akawa analeta pundamilia, na mimi nawavua nguo. Tukajaza meza. Yeye kila mara ananiuliza, "Ile maneno utasema lini?" Na mimi namwambia kesho, kwa sababu nilikuwa naogopa. Nikisema, Moraa atakuwa amekosea mbele ya watu. Na Moraa akikosea mbele ya watu, msimu ujao nitalima peke yangu.

Siku moja ya soko lori ikarudi. Yule kijana wa njano akashuka, akatembea tembea, akafika kwangu, akaona jembe nyingi na hakuna mstari hata moja. Akapata moto. "Wananchi! Hii ndiyo nilisema! Hii ni feki! Nitawaonyesha, hii inakunja kama karatasi!"

Akachukua moja, akaenda kwa ile jiwe kubwa iko karibu na lango ya soko. Akapiga. Cheche. Akaangalia jembe. Imenyooka. Akapiga tena kwa nguvu. Kofia ikaanguka. Akatoa shati ya njano akabaki na fulana, akapiga mpaka mimi nikamhurumia, kwa sababu alikuwa anapigana na kazi ya kiwanda yake mwenyewe, na kiwanda ilikuwa inashinda.

Watu walikuwa wamejaa. "Ongeza, kijana! Bado haijakunja!" Moraa akasogea mbele, akamwekea mkono kwa bega kama mama.

"Kijana yangu, pumzika," akamwambia. "Kampuni yenu ingetengeneza jembe kama hii, hatungekuwa tunasumbuana."

Huyo kijana akafuta jasho. Akaleta jembe karibu na macho, akapitisha kidole kwa huyo mnyama, kwa tundu. Nikaona sura yake inabadilika. Akaniangalia. Alijua, na nikajua amejua. Mama Akinyi ng'ambo ya njia akakohoa kikohozi ya kanisa.

"Mama Nyaboke! Kuna kitu ulisema utasema."

Hapo ningeweza kujifanya kiziwi. Lakini huyo kijana alikuwa anapumua kama ng'ombe ya kulima, watu wanamcheka kwa sababu ya jembe yake mzuri, na Mama Akinyi alikuwa amengoja vya kutosha. Nikapanda kwa kigoda yangu.

"Jembe ya Akinyi ndiyo jembe!" nikasema. "Hii si Punda. Hii ni Pundamilia, ya huyu kijana. Mistari nilisugua mimi na jivu, kwa sababu hamkutaka mistari!"

  Watu hawakuniangalia mimi, waliangalia Moraa. Na mimi nikaangalia Moraa, na nikaona shamba yangu pale juu, na mawe yake, na mimi peke yangu.

Moraa akachukua ile jembe kwa mikono ya kijana. Akaigeuza pole pole, akaonyesha watu mguu ya nyuma ya mnyama, pale unaingia chini ya mpini, mahali jivu yangu haikufika. Kulikuwa na mistari mbili nyeupe, safi kabisa.

"Unafikiri mimi sina macho?" akaniambia. "Ile siku ya kwanza kwa mawe niliona. Huyu punda wako alisahau kuvua soksi."

Kwanza hakuna aliyecheka, walikuwa wanangoja ruhusa. Halafu yeye mwenyewe akacheka, na Nyaramba yote ikaanguka.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza baadaye, tukibeba vitu kwenda nyumbani.

"Ningesema nini? Ilikuwa inalima." Akatembea kidogo. "Na zamu ijayo tunaanza kwako. Hiyo mteremko yako inachelewa kukauka."

Siku hizi Moraa anawaambia watu yeye ndiye alileta Pundamilia Nyaramba, na mimi namwachia. Jembe yangu ya ile siku iko nyuma ya mlango. Nendeni muangalie mguu ya nyuma, soksi bado iko. Na mkishamaliza kuangalia mje nayo shamba, kwa sababu Moraa na wengine wamefika, na sijawahi kuona macho ikilima.